Herufi Baada ya L

9 Februari

Kwako mama mlezi wa mjukuu wangu,

Natumaini mko wazima nyote. Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua nikikaa kwenye cherehani muda mrefu.

Nimepokea karatasi ya Chiriku. Marehemu mwanangu ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu ya mdomo wake, nadhani umeambiwa. Herufi zimenyooka. A mpaka L, halafu basi. Zile kadi nilizomkatia kwenye maboksi ya viatu zilikuwa za A mpaka Z, nilizipanga mwenyewe kabla sijafunga bahasha. Zimefika zote? Simshuku mtu, nauliza tu. Mwakani anaanza shule, na mama yake alikuwa ameshaanza kumfundisha kabla wewe hujaingia nyumba hiyo. Asije akafika darasani akawa kichekesho.

Msalimie mkwe wangu, kama bado ananikumbuka.

Bibi wa mtoto

2 Machi

Shikamoo Mama,

Pole sana na mgongo. Sisi hatujambo, mtoto alishikwa na mafua lakini yamekwisha.

Kadi zimefika zote, asante. Nikitoka bekari mchana ndipo tunajifunza. Namwaga unga kwenye sinia, anaandika kwa kidole, akikosea anatikisa sinia anaanza upya. Akiweza tunahamia kwenye karatasi. Ila anaongea kuliko anavyoandika! D kwake ni mtu mwenye kitambi. Baba yake akihangaika na vifungo vya shati asubuhi, anamwonyesha kidole na kupiga kelele, "D!"

Hizo zilizobaki naomba tusimharakishe.

Mwanao

21 Aprili

Kwako,

Salamu zako nimezipata. Afya yangu haina neno.

Karatasi ya pili nayo imefika. A mpaka L tena, safari hii kubwa na ndogo, nzuri kuliko za mwanzo. Mtoto anayeweza g ndogo na mkia wake, anashindwa nini na M, vijiti vinne tu? Mpwa wangu dereva wa lori alipita kwenu, ukampa chai, akakushukuru. Macho anayo. Aliona kadi zimebandikwa ukutani, zinaishia L. Alipomuuliza Chiriku M iko wapi, mtoto akaonyesha kopo la biskuti juu ya kabati, mahali asipofikia, nawe ukamwambia haraka haraka akacheze nje.

Mimi si mtoto mdogo, bibiye. M ni ya mama. Na unga ukitikiswa unafutika, naanza kuona kwa nini umeupenda. Unataka mwanangu asitajwe humo ndani. Mkwe wangu hakungoja hata mwaka uishe akakuoa, nikanyamaza. Hili sinyamazi. Nitakuja kumchukua mjukuu wangu, na baba yake nimeshamwandikia.

Bibi wa mtoto

30 Aprili

Shikamoo Mama,

Barua yako imeniliza, kisha ikanikasirisha, kisha ikaniliza tena. Mume wangu alitaka akujibu yeye, nimekataa.

Ni kweli M iko kwenye kopo. Niliiweka mimi, kwa kuombwa. Tulipofika L mara ya kwanza nilimchorea M kwenye unga. Chiriku akalipindua sinia lote sakafuni, akanipiga mikono. Nikadhani ni ukaidi. Nikamwambia hatoki kucheza mpaka aandike. Hakuandika, na hakutoka. Alikaa kwenye kigoda chake kimya, yeye asiyenyamaza, mpaka nikaogopa nikampakata. Ndipo aliponiambia. Mama yake alimfundisha L asubuhi ile aliyopelekwa hospitali. Alipokuwa anavaa viatu akamwambia, "Nikirudi tutaandika M."

Nikamuuliza kama anajua kwamba mama hatarudi. Akasema, "Najua. Amekufa. Lakini M ni yake."

Aliniomba niiweke juu isichafuke, na nisimwambie mtu. Mpwa wako alipomuuliza, mdomo ulianza kumtetemeka, ndiyo maana nikamtoa nje. Nilimwahidi mtoto, Mama, na leo nimeivunja ahadi kwa sababu naogopa utamchukua. Nampenda. Herufi hiyo si yangu kuifundisha, hilo nalijua, lakini bila hiyo hasogei mbele. Sijui nifanye nini.

Mwanao

12 Mei

Mwanangu,

Nimesoma barua yako nikiwa kazini, nikashona mkono wa gauni la mteja kiunoni. Nimemaliza kufumua sasa hivi.

Nilikufikiria vibaya, na aibu yangu naijua mwenyewe. Mama yake Chiriku naye alifundishwa M na mimi, kwa chaki, kwenye mlango wa jikoni. Basi usiiguse herufi hiyo. Nakuja niimalizie mimi kwa niaba yake, mtoto akikubali. Simchukui. Ila mwambie mkwe wangu asinipokee kwa uso wa polisi.

Mama

17 Juni

Shikamoo Mama,

Natumaini ulifika salama na mgongo haukukusumbua safarini. Nyumba imepoa. Hata mkwe wako anasema hivyo, na wewe unajua alivyokuwa akikukwepa siku ya kwanza.

Uliondoka ukifurahi kwamba Chiriku ameandika M na kuibandika mwenyewe ukutani. Nami nilifurahi, nikajua yamekwisha. Jana nikaandaa sinia kama kawaida, lakini hakugusa unga. Akaniuliza, "N atanifundisha nani?" Nikamwambia mimi, ila kesho, maana nilikuwa nimesimama mbele ya tanuri tangu alfajiri na miguu imevimba. Akaikamata sketi yangu.

"Usiseme kesho," akasema. "Utakwenda hospitali."

Nikaketi, Mama. Tukaandika N, mkono wake mmoja kwenye sinia, mwingine kwenye sketi yangu. Nikadhani itatosha. Akataka O. Tukaandika P, tukaandika na Q ambayo hata mimi sijui ataitumia wapi. Sikupika. Baba yake alirudi akatukuta weupe kwa unga mpaka kwenye nyusi, akatutazama, akaingia jikoni mwenyewe bila kuuliza. S imegeukia nyuma, W imelala chali, ungeziona ungecheka. Kila nilipomwambia tupumzike alikataa, akavuta sketi. Alipoimaliza Z ndipo akaniachia, akaenda kucheza.

Mwanao