Wimbo Usio na Jina kwenye Kadi Yangu

Jumatatu, 5 Oktoba 2009

Basi la alfajiri kutoka Falls Church, huku ughaibuni. Eafoni masikioni, kama kila siku. Kazini, ghorofa ya tatu chini ya ardhi, simu haishiki mtandao hata kidogo. Kalonji, Mkongo ninayelinda naye maegesho ya magari, analalamika kutwa nzima. Simu yangu haihitaji mtandao. Nyimbo zangu zimo kwenye kadi, ndogo kama ukucha. Nilizihamisha moja moja kutoka kanda za Tanga. Nimemweleza Kalonji kwamba wimbo ukishahifadhiwa upo, hauombi ruhusa hewani. Nimemweleza mara tatu. "Mwalimu, nimesikia, pitié, nihurumie!"

Wimbo wa mwisho kwenye orodha hauna jina. Ni Mwanaidi, mke wangu, marehemu miaka saba sasa. Aliimba chumbani, wanawake peke yao, siku ya kumfunda bibi harusi. Nyimbo za ndani hazitoki nje. Mdogo wake Sauda alirekodi, na Mwanaidi akanipa kanda kwa mkono wake. "Wewe peke yako." Kanda ilishakatika. Kilichobaki cha sauti yake duniani ni kile cha kwenye kadi.

Jumatano, 7 Oktoba

Shemeji Sauda amepiga simu kutoka Germantown. Jumamosi anamwoza binti yake. Anataka taarabu za zamani. Mwanawe Rashidi ndiye atakayepiga muziki. Ana miaka thelathini, siku za kazi yuko kwenye kompyuta, wikiendi ni DJ. Amepitia hapa jioni. Nimemkabidhi kadi. Nimemweleza namna ya kuishika, pembeni, vidole visiguse metali ya chini. Nimemweleza kwa nini. Dakika ishirini. Amesimama mlangoni akiitikia, "Sawa, Ba'mkubwa. Sawa."

Kuhusu wimbo usio na jina sikusema neno. Nimekumbuka sasa. Nitampigia kesho.

Jumapili, 11 Oktoba

Sikumpigia.

Nimempiga Rashidi. Vibaya.

Jana harusini ukumbi ulijaa, wanaume kwa wanawake. Pilau ilikuwa imeliwa. Rashidi aliacha folda nzima ijipige yenyewe, akaenda kutafuta soda. Mara Mwanaidi akaanza kuimba kwenye spika nne. Sauda alipiga yowe. Mimi nilibaki nimekaa.

Ubeti wa tatu aliutunga juu yangu. Mume wangu mwalimu, hata kitandani hakosi somo. Anaeleza, anaeleza, taa inakwisha mafuta. Mwanafunzi nimelala, yeye bado utangulizi.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mzee wa meza ya jirani akanipiga bega. "Mwalimu! Kumbe ndivyo!"

Hapo nikasimama.

Nilishika stendi ya maikrofoni. Chuma. Nikampiga Rashidi, aliyekuwa amerudi mitamboni, upande wa kushoto wa kichwa. Akapiga magoti. Nikampiga tena palepale. Damu ilitoka sikioni, ikashuka shingoni, ikalowesha kanzu yake nyeupe. Nikainua mara ya tatu. Wanaume wanne wakanikamata. Mmoja nilimng'ata mkono hadi nikahisi ladha ya damu yake. Nina miaka sitini na tisa.

Sijuti. Naandika tena: sijuti. Kalamu imetoboa karatasi.

Jumanne, 13 Oktoba

Rashidi amewaambia wa hospitali kwamba spika ilimwangukia. Hakunitaja. Ningependa anitaje.

Kiwambo cha sikio kimepasuka. Nimefundisha biolojia miaka thelathini na moja. Kiwambo ni utando mwembamba. Sauti inakitikisa, nacho kinatikisa vifupa vitatu, na vifupa vinapeleka habari ndani. Nilikichora ubaoni kila mwaka, kwa chaki nyekundu. Asiyesikiliza nilimzaba kofi. La sikio. Chaki bado mkononi.

Miaka thelathini na moja, na sikuwahi kuyaweka haya mawili pamoja.

Alhamisi, 15 Oktoba

Siku mbaya. Uso una nyuzi tisa.

Salim, kaka yake Rashidi, alikuja kazini saa nne asubuhi. Aliacha gari katikati ya njia, akashuka na spana ya magurudumu. Pigo la kwanza lilivunja kioo cha kibanda chetu cha ulinzi. Vipande vikaniingia shavuni. Pigo la pili lilivunja meza. "Toka, mzee! Toka unifundishe na mimi!" Alinivuta kwa tai kupitia dirishani. Kioo kilichobaki kwenye fremu kikanichana tumbo. Akanilaza kwenye saruji, akanikaba. Simu ilidondoka. Akaisaga kwa kisigino. Niliona giza, kisha nyota, kisha giza.

Kalonji alimrukia mgongoni. Wakaanguka wote. "Acha! Huyu ni papa yako, baba! Utaua papa yako?" Kalonji amevunjika kidole.

Salim akakaa chini juu ya vioo, akalia kama mtoto. "Nikisimama kushoto kwake hanisikii, Ba'mkubwa. Namwita, hageuki."

Nilitema damu.

Bosi alitaka kuita polisi. Nimekataa.

Ijumaa, 16 Oktoba

Niseme ukweli, walau humu. Rashidi alikimbia kutoka kwenye soda na kuzima muziki. Nilipoinua stendi, ukumbi ulikuwa kimya. Wimbo ulikuwa umeshakoma.

Sikumpiga kwa heshima ya Mwanaidi. Nilimpiga kwa kuwa walinicheka.

Jumapili, 8 Novemba

Kalonji amenipeleka Germantown kwa gari lake. Hakuuliza kitu njia nzima. Alikuwa na bandeji kidoleni.

Sauda alifungua mlango, akanitazama kovu, akarudi jikoni. Rashidi alikuwa kwenye kochi, pamba sikioni. Daktari amemwambia usikivu utarudi kidogo, labda nusu. Nilimwomba radhi. Nilisema mara moja, kwa maneno machache, nikanyamaza. Kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kusema.

"Sikukucheka, Ba'mkubwa," akasema. "Nili-copy folda nzima, nikaiacha ina-play. Nilipomsikia nilijua ni Mama Mkubwa. Nilikimbia."

Nikasema najua. Nilimwona.

Alitoa kadi kwenye droo. Alikuwa ameifunga kwa tishu. Aliishika pembeni, vidole mbali na metali, kama nilivyomwonyesha. Nakala ya kwenye kompyuta alikuwa ameifuta siku ileile aliyotoka hospitali. Akaniuliza kama ningependa kuusikiliza wimbo kwenye simu yake, kwa vile yangu imekufa.

Mwanaidi aliniambia peke yangu. Lakini Rashidi ni mtoto wa mdogo wake, na Mwanaidi mwenyewe alimlea miaka miwili. Nikahamia kulia kwake. Eafoni moja nikampa kwa sikio zima, nyingine nikavaa mimi. Tulikaa bega kwa bega, waya mfupi.

Ubeti wa kwanza. Wa pili. Jikoni Sauda alifunga bomba la maji.

Ulipofika wa tatu, Rashidi alicheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa.

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa gotini. Ulibaki gotini.