Neno Nililoliruka Mbele ya Daktari

Jumatatu, 4 Machi

Kaka kaangusha tena chuma cha kulehemu. Mkono ulijipinda wenyewe kama anakamua nguo. Akacheka, akaniashiria: mkono umelewa! Sikucheka. Watu hushangaa kiziwi kutengeneza redio, yeye huweka kiganja kwenye spika, basi, keshajua. Ila siku hizi hata ishara zake zinanipita. Mama anasema ni kiburi, anaashiria ovyo makusudi. Kiburi gani! Keshokutwa majibu ya vipimo vya jeni. Mkalimani mimi, kama kawaida.

Jumatano, 6 Machi

Tumerudi. Siwezi kukaa. Nimedeki chumba, nimekideki tena.

Daktari alichora seli, ndani yake mitokondria, mitambo ya nguvu. Ina kuta mbili, anaziita tando. Katikati kuna protini ndogo, tarishi wa kupeleka protini nyingine kwenye utando wa ndani. Kwa kaka jeni imeharibika, tarishi hayupo. Mizigo haifiki, mitambo inadhoofika. Ndiyo maana masikio yalikufa utotoni, sasa mikono. Kumbe si ile homa tuliyoisingizia miaka yote! Na mama anailaani sindano ya homa mpaka leo.

Imetoka wapi? Kwa mama, akasema. Wanawake wengi huibeba bila kuugua, wanaume ndio huumia. Na mimi dada yake? Huenda naibeba pia, nipimwe. Nikasema tutaona.

Yote hayo nilimfikishia kaka. Akauliza dawa. Ya kuponya hakuna, zipo za kulegeza misuli tu.

Kisha daktari: mbele ya safari, macho nayo huweza kufifia.

Mikono yangu ikagoma. Nikaashiria badala yake: turudi baada ya miezi mitatu.

Macho! Ananisikia kwa macho!

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia mama. Hakulia. Aliuliza tu, kwa hiyo ni mimi? Nikamwambia hakuna aliyechagua. Akaenda kuanua nguo, zingali mbichi. La macho sikumwambia.

Kaka ananitazama mno. Leo nikioga ndipo nikakumbuka — daktari aligusa kope zake mwenyewe alipolisema lile neno! Kaka husoma mikono ya kila mtu. Mjinga mimi. Naogopa kumkabili.

Jumapili, 10 Machi

Naandika hapa kwenye ngazi, nje ya karakana yake. Nimekuja kumwambia, nimejipa moyo njia nzima. Mlango uko wazi. Kaka yuko mezani, kajifunga kitambaa machoni, fundo kubwa kisogoni. Mbele yake redio imefunguliwa. Anatafuta skrubu kwa vidole. Mkono unajipinda, anaungoja utulie, anaanza upya.

Kwa hiyo anajua. Amejua tangu siku ile, na kaninyamazia kama nilivyomnyamazia.

Hanisikii. Hanioni. Naweza kwenda zangu asijue kama nilikuja. Nikitaka kumwambia kitu sasa, lazima nimshike mkono niufanyie ishara ndani ya kiganja — hatujawahi, hata sijui pa kuanzia.

Skrubu imedondoka. Inabingirika kuja mlangoni, na yeye anainama kuitafuta upande mwingine. Naweka kalamu chini —