Uzi wa Komanda

Kamina, Jumapili, baada ya misa

Mama yangu,

Jambo kwako, na jambo kwa wote wanaonawa mikono karibu na sahani yako. Mugongo unaendeleaje? Ile dawa ya kupaka ilifika? Samaki wanakauka, ama mvua ingali inakusumbua? Minyi niko muzima. Hapa kwa Tantine ninapokaa tunakula, masomo inaenda. Mwalimu wa Kifaransa anasema naandika vizuri, lakini nikisimama mbele ya wengine sauti inapotea. Unanijua.

Barua hii uisome peke yako kwanza. Kwa simu ya Mujomba sikuweza, maana anaweka sauti juu na kiwanja kizima kinasikiliza. Kwa simu nilikuambia, "Mbwa bado ananyonya." Nilikudanganya, mama. Komanda amekufa, na ni haraka yangu njo ilimuua.

Tata Monga, yule muzee wa reli anayefuga mbwa nyuma ya gare ya treni, ana desturi yake. Ukichagua mutoto wa mbwa, unamufunga uzi shingoni na unamwacha kwa mama yake. Kila Jumapili unakuja kumwangalia. Kumuchukua, yeye hahesabu siku. Anaweka sahani ya bukari laini, unga uliosongwa na maji mengi, karibu na Bijou, mama ya mbwa. Mutoto akiacha titi yeye mwenyewe na kukimbilia sahani, Jumapili mbili zikifuatana, njo anatoka. Kama hapana, unarudi mikono mitupu.

Wetu nilimufunga uzi mwekundu nilioutoa kwenye sweta yangu. Alikuwa mweusi, mguu mmoja mweupe kama amekanyaga unga. Jina alilochagua mudogo wetu Mbuyu, Komanda, lilimuzidi ukubwa, lakini nilimwita hivyo tu.

Jumapili ya kwanza hakuangalia hata sahani. Kesho yake nikakutana na Mama Nkulu sokoni, amekwisha kuuza samaki yake yote. Akaniambia, "Banza, lori yetu inarudi Kinkondja siku ya ine. Kama iko mbwa ya mama yako, leta. Kisha pale sijue nitakuya tena lini." Nikawaza vichanja vyako vya samaki, havina mulinzi, na paka wanavyokuibia. Nikawaza Mbuyu aliyekwisha kumujengea Komanda nyumba ya matete. Na nikawaza, nisikufiche, kwamba kwa mara moja mutaniita mutoto aliyeleta kitu nyumbani.

Siku ya tatu nikaenda kwa Tata Monga. Mufukoni nilikuwa na samaki ulionitumia, nimewasugua kwa vidole hata wakawa unga. Alipogeuka kuvuta kiti chake, nikaumwaga juu ya bukari. Komanda akasikia harufu. Akaacha titi, akakimbia, akaangukia sahani na pua.

Tata Monga akacheka mpaka akakohoa. "Angalia huyu! Mwezi haijaisha, tayari anakula sawa muntu ya reli! Njo mutoto ya kwenu ziwani Kisale kweli!" Kisha akaniangalia. "Lakini kwangu ni Jumapili mbili, unajua."

"Lori inaenda kesho, tata."

"Weye unaona iko tayari?"

Nikaangalia chini. "Ndiyo, tata."

"Haya. Chukua."

Mama, hakuwa amekula. Nilikuwa karibu, niliona. Alilamba samaki tu, bukari akaiacha.

Nilimubeba ndani ya shati. Clarisse, binti ya Tantine, akanipokea mulangoni na kelele: "Mama, kuya uone! Banza amezaa! Weye, mutoto iko analia, si umunyonyeshe?" Wote wakacheka, na minyi nikacheka. Kisha kicheko kikaisha, maana Komanda alikuwa anatafuta titi kwenye kifungo cha shati yangu.

Bukari alikataa. Maziwa ya unga akatapika. Na lori haikuenda! Ilivunjika, ikakaa pale sokoni siku tano. Siku tano ambazo angekuwa kwa Bijou ananyonya. Tantine akaniambia, "Banza, rudisha hii kitu kwa mama yake." Kutoka kwetu mpaka kwa Tata Monga ni kuvuka reli tu. Nikaenda, nikafika mpaka kwenye reli, mara mbili. Nikasikia Bijou anabweka ng'ambo. Nikawaza Tata Monga ataniuliza, siku ile alikula namna gani, na leo hajui kula? Mara mbili haya ikanirudisha.

Asubuhi ya tatu, kabla ya masomo, nilimukuta amelala ndani ya kiatu changu. Nilifikiri anasinzia. Nilimuzika nyuma ya jikoni.

Lakini kinachoniuma kupita vyote ni Tata Monga. Aliposikia, alinishika bega: "Kosa ni yangu, mwana. Macho imezeeka. Minyi njo nilisema chukua." Nikanyamaza. Jumapili tatu nikanyamaza, na yeye anawarudisha watu wanaokuja kuchukua mbwa wao, anasema hajui tena kuona nani iko tayari.

Leo kisha misa nimeenda kwa Tata Monga. Nimesema yote, samaki na mufuko, macho yangu kwenye viatu vyake. Alisogeza kiti chake nyuma. Kisha akasema, "Sasa weye ulikuwa unakuya hapa, unaniangalia vile najilaumu?"

"Ndiyo, tata."

"Toka."

Nikatoka. Nilikuwa nimefika njiani aliponiita. "Banza! Ile mutoto ya mwisho ya Bijou, muke, haina uzi. Sikupe, sikia vizuri! Lakini bukari yake weye njo utaleta, kila Jumapili. Bila samaki."

Basi usiniulize siku ya mbwa kutoka, mama. Safari hii siku si yangu kuchagua.

Nisalimie Mujomba mwenye simu, na muzee kambo anayeshona nyavu, na wale mama wote munaopanga nao samaki. Barua hii ataileta Mama Nkulu, amerudi huku sokoni juzi. Mwambie asante, na kwamba lori yake haina kosa.

Mbuyu umwambie weye. Minyi sitaweza. Uzi uliofunga barua hii ni ule wa Komanda, usiukate, nimeuacha na fundo lake. Vidole vyako viwili havipiti pamoja ndani yake. Mbuyu akiuliza kwa nini hakufika, umuvalishe kwenye kidole, aone shingo iliyovaa uzi huu ilikuwa ndogo namna gani.

Mwana wako,
Banza