Rehema, Nimeisoma Ripoti Yako Mbele Yao

Rehema, shoga yangu,

Sikuulizi hali. Nimekaa chumbani kwetu hapa mtaa wa Sanyuanli, ugenini, kitanda chako bado sijakiondoa, na habari ninayo moja. Liang amekamatwa. Nimemkamatisha mimi.

Ngoja nianze vizuri, maana mengine yalitokea ukiwa umeshaondoka.

Unaikumbuka siku ya kwanza uliponipeleka kwenye ile nyumba ya shamba ya tajiri wa chai, kule nje ya mji? Mimi mwanafunzi wa lugha, sijui lolote la majengo, nikaona matofali ya kijivu na bwawa lililojaa majani. Wewe ukanizungusha bustani nzima. Ukanionesha jinsi njia inavyopinda makusudi, usione bwawa mpaka uupite mlima wa mawe, usione banda la ghorofa mpaka uvuke daraja. "Huyu bwana alijua kumcheleweshea mtu raha," ukasema. Kisha ukanishikisha futi ya kupimia na kunigombeza: "Kaza, Konsolata! Unashika kama mkia wa paka!" Miaka miwili ya masomo yako ya usanifu majengo ulipima kila dirisha, kila mti wa lichi. Hakuna aliyeipenda nyumba ile kama wewe, mtoto wa Korogwe.

Ndiyo maana uliona mchwa kabla ya mafundi. Uliandika ripoti kwamba boriti za lile banda zimeliwa ndani, mtu asipande. Ukampelekea Liang, msimamizi wa ukarabati. Wiki iliyofuata alitaka picha za bustani kutoka juu kwa ajili ya matangazo, akakupandisha. Ulinipigia simu asubuhi ile. Ulisema amekwambia "mei wenti," hakuna tatizo, na ukikataa atamtafuta mwanafunzi mwingine wa kumalizia kazi yako. Nilikujibu nini? Nilikujibu, "Basi kuwa mwangalifu." Neno hilo silisahau; mchana ule banda liliporomoka nawe.

Usichokijua ni alichokisema baadaye. Aliwaambia polisi, chuo na ubalozi kwamba ulipanda mwenyewe, kwa ukaidi, na kwamba ripoti hakuwahi kuiona. Mama yako akapokea barua inayosema mwanawe alikufa kwa kutokusikia. Rehema, nilimsomea Mama barua ile kwa simu kwa sababu iliandikwa Kiingereza. Mdomo wangu huu.

Siku ya arobaini yako nilienda kuweka maua bwawani. Ayi Chen, yule mama mzee anayefagia bustani, akanishika mkono, akaniingiza chumbani kwake. Chini ya mtungi wa mchele akatoa nakala ya ripoti uliyompa ili asifagie chini ya banda. Ukurasa wa kwanza una mhuri mwekundu wa ofisi ya Liang: imepokelewa.

Ningeweza kuipeleka polisi siku ileile. Sikwenda. Niliogopa isije ikapotea kama ile uliyompelekea Liang, lakini nisikudanganye: nilitaka pia aumbuke mbele za watu.

Nikangoja ufunguzi wa nyumba ile. Ofisi yake ilitafuta mkalimani wa wageni wa Kiafrika, nikajipeleka. Hakunitambua. Msibani alinipa mkono bila kunitazama usoni.

Siku yenyewe palikuwa na taa nyekundu, wakubwa wa mji, waandishi wa habari. Liang alisimama mbele ya banda jipya, akasema nyumba imerejeshwa bila mtu hata mmoja kuumia. Akanigeukia nitafsiri. Nikafungua karatasi zako, nikasoma kwa Kichina, maneno yako mwenyewe, kuanzia tarehe mpaka "mtu yeyote asipande". Nikainua mhuri juu wauone.

"Huyu ni mkalimani tu," alisema. "Amechanganyikiwa."

Mkubwa mmoja akaichukua ile karatasi. "Mhuri huu ni wenu au si wenu?"

Ayi Chen akaweka fagio chini, akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Mimi nilikuwepo. Yule binti alikataa mara mbili. Huyu ndiye aliyemshikia ngazi."

Shoga yangu, polisi walimwingiza garini mbele ya waandishi walewale. Nilimtazama mpaka nikashiba. Mchungaji wetu wa ibada ya Jumapili ananiambia nisamehe, nikamwambia aniombee jambo jingine.

Chuo kimeandika barua mpya. Nimemsomea Mama polepole, kwa Kiswahili. Akauliza, "Kwa hiyo mwanangu aliwaambia, wakamkatalia?" Nikasema ndiyo, Mama. Akalia kilio kingine, sicho kile cha kwanza.

Kesi haijaanza. Mke wa Liang alikuja hapa mlangoni na matunda, akaniomba niseme sikumbuki vizuri. Nilimrudishia kapu lake. Masomo yangu yamekwisha na wenzangu wanafunga mizigo, lakini mimi nimeomba kuongezewa muda wa kukaa. Wakiniita nitasimama, nitataja jina lako, la baba yako na la babu yako, na nitasema yote, pamoja na lile neno nililokujibu kwenye simu.

Lala, Rehema. Nakuahidi, siku atakayohukumiwa nitakuwa nimekaa mahali ambapo akiinua macho ananiona mimi.

Wako,
Konsolata