Koa Nane na Harusi ya Rukia

Jumatatu, 8 Julai

Kutoka Kilwa Masoko mpaka Lindi mjini, ndoa ambayo sikuipiga video mimi ni uchumba tu. Sheikh anafungisha, mimi nathibitisha. Waziri mmoja alisimamisha msafara wake barabarani kuniuliza kamera hii nimeitoa wapi. Msafara wa magari mawili. Haya, moja.

Leo nimeanza kurenda, yaani kuiunganisha iwe video kamili, harusi ya Rukia, binti wa dada yangu Somoe. Somoe yuko kwake Pande, figo zimemlaza. Hospitali wamemrudisha nyumbani. Harusini hakuweza kuja. Anataka kumwona mwanawe kwenye TV, kabla. Hakusema kabla ya nini. TV yake haifungui mafaili ya kamera, lazima niyageuze kwanza. Nimemwahidi Jumatano niko mlangoni na flashi.

Laptopu yangu ina koa nane. Yaani vichwa vinane ndani ya kichwa kimoja. Hata Dar hawana.

Jumanne, 9 Julai

Asilimia sita. Tangu jana.

Nimeweka maua yanayodondoka juu ya bibi harusi, na jina langu linaingia likizunguka. Labda ndiyo mzigo. Siyatoi. Somoe hapewi kazi ya kulipua.

Rukia kapiga simu kutoka Pande, anamuuguza mama yake. "Mjomba, njoo tu na kamera yenyewe, mama atachungulia kwenye kioo chake." Nimemjibu harusi haichunguliwi. Nimekasirika, sijui na nani.

Jumatano, 10 Julai

Aibu. Bakari, jirani yangu fundi simu, kaja kuazima chaja. Kacheka mpaka kakaa chini. "Mzee wa koa nane! Laptopu juu ya godoro, na kitambaa umeifunika. Unapika pilau?"

Kitambaa kakifuma mke wangu, maua mekundu, pacha wa kile cha TV. Kinazuia vumbi na chumvi ya bahari. Nyumba yoyote ya heshima hapa inafunika mashine zake. Kumbe ikipata joto inapunguza mwendo yenyewe, isije ikaungua. Nilikuwa namfunika blanketi mgonjwa wa homa.

Sasa iko mezani, imeinuliwa kwa vizibo vya soda, feni inaipulizia.

Bakari kafungua na mipangilio. Programu ilikuwa inatumia koa moja. Niliichagua mwenyewe. Nilidhani moja ndiyo kazi makini, nane zitagombana. Saba zimekaa kama wageni waalikwa, moja inahangaika jikoni. Tumeziamsha zote. Asilimia zinakimbia kama mbuzi aliyekata kamba.

Nimempigia Somoe. Sauti ndogo sana. "Hamisi, wewe njoo." Nimemwambia kesho, na maua.

Alhamisi, 11 Julai

Asubuhi nimekuta imekwisha. Nzuri. Nimeitazama yote.

Halafu nikaona maua yanamwangukia Rukia mengi mno usoni. Nimeyapunguza, nimeanza upya. Kwa koa nane si kitu. Adhuhuri imekwisha tena. Nikaona jina langu linazungukia kushoto, lingependeza kulia. Nimeanza upya. Alasiri imekwisha. Nikasema jua limeshateremka, nitakwenda kesho.

Ijumaa, 12 Julai

Somoe kafariki alfajiri.

Tumemzika baada ya Swala ya Ijumaa. Mimi ndiye ndugu yake wa kiume, nikashuka kaburini kumpokea. Flashi mfukoni mwa kanzu. Mwepesi. Sijapata kupokea kitu chepesi vile.

Jumatatu, 15 Julai

Bado Pande. Hitima imesomwa, matanga tumeanua. Watu waliniuliza ile video vipi, nikausingizia umeme. Wakaulaani pamoja nami.

Walipoondoka Rukia kaniita uani. "Mjomba, usijitese. Harusi mama aliiona. Wifi yangu alipiga kwa simu yake, tulimwonyesha kabla hata hujaanza hiyo kazi yako. Akaangalia mpaka akachoka. Akasema usiambiwe, utavunjika moyo."

Nikamuuliza, sasa alikuwa anasubiri nini?

"Wewe."

Alikuwa anaosha masufuria. Hakuinua kichwa.

Alhamisi, 18 Julai

Nimerudi Masoko. Mvua kidogo asubuhi. Laptopu nimeizima. Kuna watu walikuja kutaka mpiga video, nimewaelekeza kwa mwingine.

Kutoka hapa mpaka Pande unapanda bodaboda tu, umefika. Wiki nzima zilikuwa zimeegeshwa mbele ya mlango wangu. Vijana wale wote wananijua, wananiamkia.

Naogopa wagonjwa. Mtu mzima, na ndevu hizi. Macho yao, harufu ya chumba. Utotoni Somoe alipougua surua, mama alinituma nimpelekee uji. Nililisukuma bakuli kwa mguu mpaka ndani ya mlango, nikakimbia.