Nani Ataniosha Manchester

Bibi yangu,

Shikamoo. Humu nyumbani kwetu Ibra, Omani, hakuna tena wa kuniitikia marahaba ile yako ndefu. Nakuandikia Kiswahili chetu, maana ulikuwa ukisema nikizungumza Kiarabu cha skuli nafanana na mtangazaji wa redio.

Tangu ututoke, Baba katia mashine ya baridi chumbani mwako. Inanguruma bure, hakuna anayelala humo.

Khabari niliyokujia nayo ni nyengine. Baba anataka kunipeleka Manchester kwa Shangazi Zuwena, nikasome. Mama anasema Waislamu wako tele huko, Wapakistani, Wayemeni, Wasomali, na nyama ya halali inauzwa. Nikatulia kidogo. Halafu ikaja kaseti ya Shangazi, kajirekodi khabari zake.

Jirani yake, mwanamke wa Kituruki, alifariki hospitali. Wanawake wakaitana kwenda kumwosha, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayejua. Yule akaanza hivi, huyu akamshika mkono kuwa kwao sivyo, na lugha moja hawana. Wakabaki wamesimama mpaka maji yakapoa. Maiti alingoja hadi kesho yake, alipopatikana mama mmoja kutoka mji mwengine.

"Mimi Mama alikuwa akinitoa nje akiosha maiti," anasema Shangazi, akikukusudia wewe, na kile kicheko chake. "Mleteni huyo mtoto. Si ndiye aliyekuwa akifuatana naye kwenye maiti?"

Bibi, wewe unajua. Mimi nilikuwa namimina maji tu. "Mimina taratibu, usimshtue," ukiniambia, kama vile yule maiti kalala tu. Nami namimina, macho ukutani. Hata siku yako nilitazama kiganja chako tu. Hina ilikuwa haijafutika.

Naogopa. Si baridi, wala Kiingereza. Naogopa kusimamishwa mbele ya maiti, watu wote wananitazama mimi. Na kuna jengine, sijamwambia mtu, Baba angesema najichuria mabaya. Je, nikifa mimi huko? Nilale juu ya meza ya hospitali, nao wamesimama wanabishana kwa vidole, na hakuna hata mmoja anayejua jina langu la nyumbani?

Jana nilikwenda kwa Bi Rayya, yule aliyekuosha wewe. Nilizunguka nyumba yake mara mbili kabla ya kubisha hodi. Nikamwomba anifunze, yote, si maji tu. Akanitazama, akasema, "Wewe? Wewe hata salamu unaitoa kwa kunong'ona." Kisha akasema nikae tayari.

Asubuhi hii kafariki mwanamke mtaa wa pili, na Bi Rayya kanipitia.

Mungu akulaze pema, Bibi. Nakuahidi nitakwenda kwa Shangazi, lakini sitokwenda mikono mitupu. Naacha hapa. Bi Rayya yuko mlangoni ananingoja; bado naogopa, lakini nainuka.

Mjukuu wako