Wasio na Mtu wa Kuwakumbusha

Mwenzangu, leo nimeumbuka mbele ya darasa zima la famasia!

Nilikuwa naeleza mpango wa utafiti wangu, ule wa dawa za kifafa. Nikasema kwa mbwembwe kwamba nitachukua tu wagonjwa wenye mtu nyumbani wa kuwakumbusha kumeza.

Mwalimu akauliza, "Na wasio na mtu?"

Nikajibu, "Hao nawaacha. Wataniharibia matokeo."

WATANIHARIBIA MATOKEO! Kwa mdomo wangu huu huu!

Mzee wa watu hata hakufoka. Akavua miwani, akasema, "Lakini hao ndio dawa inawashinda. Hebu niambie, wewe mwenyewe ungeingia kwenye utafiti wako?"

Darasa likaangua kicheko. Wao wangejuaje? Wanaojua kwamba nami nazimeza dawa hizo ni wewe na mama, na mama ndiyo hivyo tena, tumeshamzika.

Nikasema, "Hapana, mwalimu. Nisingeingia."

Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Sasa nimekaa kitandani. Kidonge kiko mkononi, maji ninayo, sijasahau kitu. Ila nakuomba uniulize tu, hata kwa kuandika: "Umemeza?"